Mashine Gani Itafaa Chombo Chako?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu, maana leo tutasoma na kuhesabu pia.

Somo letu ni juu ya mashine za kupachika, yaani zile mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya mashua, boti au mtumbwi ili kukisukuma chombo. Wengi wenu mnazifahamu. Wengine mmekwisha kununua, na wengine mnaweka akiba mpate kununua. Nia ya somo hili ni moja tu: kabla hujatoa fedha yako, ujue ni mashine gani itafaa kazi yako. Tutaona ya kuwa mashine kubwa si lazima iwe mashine bora. Jibu la kweli hupatikana katika chombo chenyewe, si dukani.

Kwanza nitawapa habari moja niliyoiona kwa macho yangu.

MASHINE YA WATU KUMI

Palikuwa na kikundi cha wavuvi kumi katika mwambao wa kusini wa Tanzania. Walikuwa na mashua ya mbao yenye tumbo pana, na urefu wake majini ulikuwa futi 25. Walikwenda kwa tanga, kama baba zao. Kusi likivuma kwa nguvu hawakutoka. Bahari ikiwa shwari walikaa njiani wakingoja upepo, na samaki wakaharibika. Basi wakashauriana wakope fedha wanunue mashine.

Muuzaji akawaonyesha mbili, moja ya nguvu 15 na moja ya nguvu 40. Wakasema, "Kukopa ni mara moja. Tuchukue kubwa." Wakaja kwangu niwasomee karatasi za mkopo, maana wakati ule ni wawili tu kati yao waliojua kusoma. Nikawasomea kila neno, tangu bei mpaka siku ya kulipa. Lakini sikuwauliza mashua yao ina urefu gani wala uzito gani, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua ya kwamba yapasa kuuliza.

Mwezi wa kwanza ilikuwa furaha. Ngurumo ya mashine ilisikika kijiji kizima. Mwezi wa pili wakaanza kugombana kwa ajili ya petroli. Mwezi wa tano mashine ikalazwa chini ya makuti, mashua ikarudi kwenye tanga, na deni likabaki pale pale. Mashine haikuwa mbovu, ilikuwa nzima kabisa. Ila haikuwa mashine ya mashua ile.

Baadaye baadhi yao waliingia darasani. Walipofika katika somo la kuzidisha, tukafanya pamoja hesabu ambayo tutaifanya leo. Mzee mmoja akaweka kalamu chini akasema, "Mwalimu, hesabu hii ingekuja kabla ya mashine." Maneno yake ndiyo sababu ya somo hili.

NGUVU YA FARASI NI NINI?

Kila mashine imeandikwa namba juu ya kifuniko chake: 8, 15, 25, 40 na kadhalika. Namba hiyo ni nguvu za farasi. Nguvu moja ya farasi ni kazi ya kuinua mzigo wa kilo 75 kwenda juu mita moja kwa muda wa sekunde moja. Kwa hiyo namba hiyo yaeleza uwezo wa mashine. Haielezi mwendo wa chombo chako.

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Hudhani mashine ya 40 itakwenda mara mbili na zaidi kuliko mashine ya 15. Sivyo. Mwaka 1909 mtu mmoja aitwaye Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, alianza kuuza mashine za kupachika. Mashine yake ilikuwa na nguvu moja na nusu tu, na uzito wake ulikuwa kilo 28 hivi. Walakini ilitosha kusukuma mashua ndogo ya makasia, na watu wakainunua kwa wingi. Chombo hakihitaji nguvu nyingi kwenda mwendo wake wa kawaida. Nguvu nyingi huhitajika unapotaka kukipitisha mwendo huo.

Basi, mwendo wake wa kawaida ni upi? Hilo ni jambo la kwanza.

JAMBO LA KWANZA: UJUE MWENDO WA CHOMBO CHAKO

Tazama mashua nzito ikienda. Omo hulima maji, na wimbi moja huinuka mbele. Wimbi jingine huinuka nyuma. Mwendo ukizidi, mawimbi hayo huachana zaidi, hata moja likawa kwenye omo kabisa na jingine kwenye tezi. Hapo mashua imekaa bondeni, kati ya mawimbi mawili ambayo imeyafanya yenyewe. Ukiongeza nguvu, omo huinuka na tezi hudidimia. Mashua inapanda mlima wa maji, na mlima huo unakwenda pamoja nayo. Petroli inaungua sana, lakini mwendo unaongezeka kidogo tu.

Chombo kirefu kina bonde refu, kwa hiyo mwendo wake ni mkubwa zaidi. Iko kanuni ya kuupata mwendo huo. Shika kalamu.

Pima urefu wa chombo pale maji yanapogusa, kwa futi. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe utapata urefu huo. Kisha ongeza theluthi yake. Jibu ni maili za bahari kwa saa moja.

Mfano: mashua ya futi 25. Namba gani ukiizidisha kwa yenyewe hupata 25? Ni 5, maana 5 mara 5 ni 25. Theluthi ya 5 ni 1.7. Jumlisha 5 na 1.7, utapata 6.7. Basi mashua hiyo ina mwendo wa maili 6.7 za bahari kwa saa, yaani kilometa 12 na kidogo.

Kwa njia hiyo hiyo tunapata:

Chombo cha futi 16: maili 5.3 kwa saa.
Chombo cha futi 25: maili 6.7 kwa saa.
Chombo cha futi 36: maili 8 kwa saa.

Kanuni hii ni kwa vyombo vizito vinavyolima maji, kama mashua za mbao zenye tumbo. Viko vyombo vingine vyepesi, vyenye utako bapa nyuma, kama boti za faibaglasi. Hivyo vikipewa nguvu nyingi hupanda juu ya maji na kuteleza. Ukiwa na boti ya namna hiyo, na kazi yako ni kuwahi, mashine ya 40 yaweza kuwa na maana. Lakini ukikipakia chombo hicho mzigo mzito wa nyavu, barafu na samaki, hakitapanda tena. Kitalima maji kama mashua.

Kwa hiyo jiulize: chombo changu hulima maji au huteleza juu ya maji? Tena jiulize kikiwa na mzigo, si kikiwa kitupu.

JAMBO LA PILI: UJUE UZITO

Kwa chombo kinacholima maji, makadirio mazuri ni haya: nguvu 4 au 5 za farasi kwa kila tani moja. Uzito huo ni wa chombo chenyewe pamoja na watu, nyavu, petroli, barafu na samaki.

Tuseme mashua ya futi 25 pamoja na mzigo wake ina tani 2 na nusu. Zidisha 2.5 kwa 4, utapata 10. Zidisha 2.5 kwa 5, utapata 12.5. Mashine zinazouzwa hazina namba hiyo, basi utachukua inayofuata, yaani 15. Hizo mbili na nusu zilizozidi zitakusaidia siku ya upepo wa mbele na mkondo mkali.

Ndugu zetu wa Ziwa Victoria waongeze jambo moja. Ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi zaidi. Mashine huvuta hewa ili petroli iungue. Kwa hiyo mashine ikiwa ziwani hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mashine ya 15 hufanya kazi kama ya 13 na nusu. Mfanye hesabu zenu mkikumbuka hivyo.

JAMBO LA TATU: HESABU YA PETROLI

Hii ndiyo hesabu ya yule mzee. Namba zake ni za makadirio, na bei ni ya mfano tu. Wewe uweke bei ya kwenu.

Mashua ya futi 25 inakwenda kuvua mahali palipo maili 12 kutoka pwani. Kwenda na kurudi ni maili 24. Mashine zote mbili ni za kuchanganya oili.

Mashine ya nguvu 15, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hula lita 8 hivi kwa saa. Mashua itakwenda maili 6 kwa saa. Gawa 24 kwa 6, utapata saa 4. Zidisha saa 4 kwa lita 8, utapata lita 32.

Mashine ya nguvu 40, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hula lita 20 hivi kwa saa. Tuseme inailazimisha mashua hiyo kwenda maili 8 kwa saa. Gawa 24 kwa 8, utapata saa 3. Zidisha saa 3 kwa lita 20, utapata lita 60.

Tofauti ni lita 28 kwa siku moja. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Zidisha 28 kwa 3,000, utapata shilingi 84,000. Ukitoka siku 20 kwa mwezi ni shilingi 1,680,000. Kwa watu kumi, kila mmoja ametupa baharini shilingi 168,000 kwa mwezi. Je, amepata nini? Amefika nyumbani saa moja mapema.

Pengine utasema, "Nitanunua ya 40, kisha nitaiendesha polepole." Ni shauri la watu wengi, nami sitalicheka. Ukiwa tayari unayo mashine kubwa, hilo ndilo la kufanya: punguza moto kidogo, utaona mwendo unapungua kidogo lakini petroli inabaki nyingi. Walakini kwa mtu anayenunua sasa, si shauri jema. Umelipa bei ya 40 upate kazi ya 15. Uzito wake hupita kilo 70, nao wote umekaa kwenye tezi. Tena mashine ya kuchanganya oili ikiendeshwa polepole siku nzima huchafua plagi. Na mwisho, mkono wa nahodha ni mkono wa mtu. Akiona mwenzake anampita, ataufungua moto wote.

JAMBO LA NNE: YA KUCHANGANYA OILI, AU YA MIPIGO MINNE?

Mashine za petroli ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya mipigo miwili, ile ambayo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Ya pili ni ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa mahali pake kama katika gari.

Mashine ya mipigo miwili ni nyepesi, ina vitu vichache ndani, na mafundi wengi wa pwani na ziwani wanaifahamu. Bei yake pia ni ndogo. Lakini hula petroli zaidi, maana sehemu ya petroli hutoka na moshi kabla ya kuungua. Tena yapasa kuchanganya oili kwa kipimo. Kwa mashine nyingi za siku hizi kipimo ni oili 1 kwa petroli 50. Lita 20 za petroli huhitaji oili lita 0.4, yaani karibu nusu lita. Soma kitabu cha mashine yako ukifuate, hasa kwa saa za kwanza mashine ikiwa mpya, maana wakati huo hutaka oili zaidi. Usimwage oili kwa kukadiria kwa jicho. Ikipungua, chuma kinasagana. Ikizidi, plagi zinachafuka.

Mashine ya mipigo minne hula petroli kidogo zaidi na moshi wake ni mchache. Lakini bei yake ni kubwa. Ni nzito pia: ya nguvu 15 hufika kilo 50 hivi, na ya mipigo miwili hukaa karibu na kilo 40. Oili yake hubadilishwa kila baada ya saa kadhaa za kazi, mara nyingi saa 100. Na ukiilaza chini ubavu usio wake, oili huingia mahali pasipofaa.

Utachaguaje? Hesabu tena. Mashine ya mipigo minne ya nguvu 15 hula lita 5 na nusu hivi kwa saa. Kwa saa 4 ni lita 22. Ile nyingine ilikula lita 32. Umeokoa lita 10, yaani shilingi 30,000 kwa siku. Tuseme bei yake imezidi kwa shilingi 3,000,000. Gawa 3,000,000 kwa 30,000, utapata 100. Baada ya siku 100 za kazi, fedha uliyozidisha imerudi. Mtu anayetoka kila siku atairudisha katika miezi michache. Mtu anayetoka mara moja kwa juma atahitaji karibu miaka miwili. Basi jibu la jirani yako si lazima liwe jibu lako.

JAMBO LA TANO: UREFU WA MGUU

Mguu wa mashine ni ile sehemu ndefu inayoshuka majini. Miguu huuzwa kwa vipimo. Mfupi ni wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20, na mrefu zaidi ni wa inchi 25. Watu wengi hawaulizi, wakafika nyumbani na mguu usiofaa.

Chukua futikamba. Pima kutoka juu ya ubao wa nyuma, pale mashine itakapofungwa, mpaka chini kwenye mkuku. Andika namba hiyo uende nayo dukani. Juu ya rafadha kuna bamba la chuma lililolala. Mashine ikifungwa, bamba hilo liwe sawasawa na chini ya mkuku, au lishuke kidogo tu, kama inchi moja.

Mguu ukiwa mfupi mno, wimbi likiinua tezi, rafadha huvuta hewa. Mashine hulia kwa ukali lakini mashua haisogei. Tena maji ya kuipoza mashine hayapandi, nayo huungua. Mguu ukiwa mrefu mno, huburuta maji na hugonga mwamba mapema. Na kama chombo chako kimechongoka pande zote mbili, zungumza kwanza na fundi seremala juu ya mahali pa kuifunga mashine, kabla ya kuinunua.

JAMBO LA SITA: RAFADHA

Rafadha ni lile panga linalozunguka majini. Wengi huliita propela. Juu yake zimeandikwa namba mbili, kwa mfano 9¼ × 9. Namba ya kwanza ni upana wa duara lake kwa inchi. Namba ya pili ni hatua yake, yaani inchi ambazo ingesogea mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia katika ubao.

Fikiri juu ya lori linalopanda mlima na mzigo. Dereva huweka gia kubwa? La, huweka gia ndogo, apate nguvu. Rafadha yenye hatua ndefu ni kama gia kubwa, hufaa boti nyepesi. Rafadha yenye hatua fupi ni kama gia ndogo, hufaa chombo chenye mzigo. Mara nyingi mashine huja dukani na rafadha ya boti nyepesi. Ukiifunga kwenye mashua nzito, mashine hulemewa. Hutoa moshi, hula petroli, na haidumu.

Kitabu cha mashine hueleza mizunguko ambayo mashine yapasa kufikia kwa dakika moja ikifunguliwa moto wote, kwa mfano kati ya 4,500 na 5,500. Mwambie fundi apime mashua ikiwa na mzigo. Mizunguko ikiwa michache, badili rafadha, upunguze hatua. Kila inchi moja unayopunguza huongeza mizunguko 200 hivi. Bei ya rafadha ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya mashine nyingine.

JAMBO LA SABA: FUNDI, VIPURI NA KARATASI

Kabla ya kuchagua jina la mashine, tembea katika bandari yako. Uliza: mafundi wa hapa wanaijua mashine gani? Plagi, pampu ya maji na rafadha zake zinapatikana wapi? Mashine nzuri isiyo na vipuri karibu itakulaza pwani kwa juma zima kwa ajili ya kitu kidogo.

Ukinunua mashine iliyokwisha kutumika, usitosheke na rangi yake. Iwashe. Tazama kama maji yanatoka kwa nguvu katika tundu la maji. Mwambie fundi afungue skrubu ya oili ya gia. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Kisha soma namba iliyochorwa kwenye kibati cha mashine, uilinganishe na namba iliyo katika stakabadhi, tarakimu kwa tarakimu. Zikiwa tofauti, ondoka. Mashine huibwa, na mnunuzi wa mali ya wizi hupoteza mali na fedha, na pengine hufungwa. Hapo, ndugu yangu, kujua kusoma kumekuokoa.

MASHINE SI MTUME

Neno la mwisho ni juu ya maisha yenu. Mtu mwenye mashine huenda mbali kuliko mwenye tanga. Kwa hiyo ikizima, yuko mbali kuliko mwenye tanga.

Usiache tanga na makasia nyumbani kwa sababu umenunua mashine. Vaeni maboya. Nahodha ajifunge ile kamba ya kuzimia mashine, ili akianguka mashine izime na isimzunguke. Na petroli igawanywe kwa mafungu matatu: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, na fungu moja la akiba. Safari ya lita 32 ina lita 16 za kwenda na lita 16 za kurudi. Basi chukua lita 48. Hizo 16 za akiba usizihesabu kuwa zako. Ni za upepo na mkondo.

Wale wavuvi kumi, mnaweza kuuliza, walifanyaje? Waliiuza mashine ya 40 kwa mtu wa boti ya faibaglasi, kwa hasara. Wakanunua ya 15, wakaifunga rafadha ya hatua fupi. Walichukua muda mrefu kumaliza deni, lakini walimaliza. Sasa daftari lao la petroli huandikwa na yule mzee mwenyewe, kwa mkono wake, kila jioni.

Basi ndugu zangu, kabla ya kwenda dukani, nenda pwani. Pima urefu, kadiria uzito, pima ubao wa nyuma, hesabu safari. Andika namba zote katika ukurasa mmoja, uende nao mkononi. Muuzaji akikuuliza, "Unataka mashine ya nguvu ngapi?" hutamtazama usoni upate jibu. Utatazama daftari lako.

Kwa herini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA DARASA

1. Mashua ina urefu wa futi 36 majini. Mwendo wake wa kawaida ni maili ngapi kwa saa?
2. Mashua hiyo pamoja na mzigo ina tani 4. Yataka mashine ya nguvu ngapi?
3. Mashine ni ya kuchanganya oili, kipimo ni 1 kwa 50. Umechukua petroli lita 40. Utatia oili kiasi gani?
4. Safari ya kwenda na kurudi hula lita 24. Kwa kanuni ya mafungu matatu, utachukua lita ngapi?
5. Mzungumze darasani: je, katika bandari yenu kuna mashine iliyolazwa? Ni kwa sababu gani?

MANENO YA KUJIFUNZA

Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.
Mkuku: mti mrefu wa chini unaoshika chombo chote.
Utako: sehemu ya chini ya chombo.
Rafadha: panga la kusukuma maji, propela.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kuwa umelipa.